Sauti ya Soudi Ndani ya Bidoni

Sauti ya Soudi ilichukuliwa kwenye barieri ya njia ya Kalima, wakati wa vita, pamoja na kuku wake wawili na mche wa sabuni. Kuku waliliwa hapo hapo. Sauti iliwekwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki.

Barieri yenyewe ilikuwa mpira wa baiskeli uliofungwa kati ya miti miwili. Kila aliyepita aliacha kitu. Mwenye chumvi aliacha chumvi, mwenye mchele aliacha mchele, na asiye na kitu alitafutiwa kitu. Soudi alikuwa anarudi Kindu na mdogo wake Youssouf, kila mmoja akisukuma baiskeli yake. Kabla ya vita kazi ya Soudi ilikuwa kuita abiria kivukoni. Alisimama kwenye mawe akaita jina la ng'ambo, "Alunguli! Alunguliii!" na watu waliokaa majumbani mwao bila safari yoyote wakajikuta wanatafuta viatu.

Komanda wa barieri alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba kama ya mbu. Aliwapanga wasafiri mstari akauliza, "Nasikia kuko muntu wa Kindu mwenye sauti ya kuvuka mto. Njo nani kati yenu?"

Watu walitazama chini. Youssouf alinyoosha kidole.

Askari mmoja alileta bidoni ya njano iliyokuwa na mafuta ya mawese zamani, akamwambia Soudi aseme jina lake ndani. Soudi alisema "Soudi." Jina likaingia, na nyuma yake yakaingia maneno mengine yote. Askari alikaza kifuniko, akapandisha bidoni kwenye lori, juu ya mifuko ya madini ya kasiterite, pamoja na bidoni nyingine nne zilizokwisha kujaa.

Youssouf alipita na sauti yake na baiskeli yake. Walipofika mtoni alimwambia kaka yake, "Pole, yaya." Soudi alipandisha baiskeli yake mtumbwini.

Vita viliisha jinsi vita vinavyoisha, pole pole na bila mtu kuomba radhi. Soudi alifungua kibanda cha kuziba mipira ya baiskeli karibu na kivuko. Alitundika rimu kuukuu mlangoni, na alipotaka kumwita mtu aliigonga kwa spana. Mke wake Hadidja ndiye aliyemsemea kwa wateja, kwa majirani na kwa ndugu. Siku nyingine aligombana naye peke yake, akatoa hoja za pande zote mbili, na mara chache alimwachia Soudi ashinde.

Binti yao Malaika alizaliwa baada ya barieri. Hakuwahi kumsikia baba yake. Utotoni aliitwa kwa rimu, mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, na alijua kwamba hilo ndilo jina lake kama baba anavyolitamka.

Malaika ndiye aliyezigundua podikasti. Alikuwa anasomea uuguzi, akatafuta masomo kwenye simu yake, akakuta vipindi ambavyo mtu anavishusha na kuvisikiliza saa anayotaka mwenyewe. Kulikuwa na vya siasa, vya wanamuziki na ndoa zao zinazovunjika, vya mpira, vya imani, vya masomo. Kituo kimoja kilichoitwa Jukwaa la Amani kilikuwa na vyote vitano. Asubuhi moja mama yake akikaanga mikate, Malaika aliweka simu ndani ya sufuria tupu ili isikike vizuri, akafungua cha mpira.

Hadidja aliacha mkate ukaungua.

"Rudisha nyuma," alisema.

Malaika alirudisha. Mtangazaji alikuwa anaeleza penalti.

"Njo baba yako huyo," Hadidja alisema.

"Mbona anasema Kifaransa, mama?"

"Amesoma, basi. Unafikiri alikaa bure huko miaka yote?"

Soudi aliitwa. Alichuchumaa mbele ya sufuria na spana mkononi. Sauti yake ilikuwa imenona. Ilijua majina ya wachezaji wa Ulaya ambao yeye hakuwahi kuwasikia, na ilitumia maneno ambayo hakuyafikia shuleni, kwa sababu aliacha darasa la nne. Lakini kila ilipotaja mji iliburuza herufi ya mwisho, "Lubumbashiii", "Kisanganiii", kama vile abiria wawili bado wamepungua mtumbwini. Alisikiliza mpaka mwisho, pale sauti ilipomshukuru Honorabule kwa kuwapenda vijana. Honorabule, mwenye kituo, alikuwa yule komanda wa barieri. Alichaguliwa na watu kuwa mbunge. Soudi alisimama, akarudi kuziba mpira wa mteja.

Habari ikazunguka mtaa kwa siku chache tu. Mama Adolphine, muuza samaki, ambaye kabla ya vita alikuwa akimtukana mteja mpaka mteja anunue, alijikuta kwenye kipindi cha siasa akichambua bajeti ya serikali. Alikuwa anaisifu. Mwalimu Bernadette, aliyefundisha miaka yote hiyo kwa chaki na kengele, aliisikia sauti yake ikifundisha kuzidisha na kugawa sehemu, na alikiri kwa kuandika ubaoni kwamba bado inafundisha vizuri. Félicien mkatekista alijikuta kwenye imani. Kila kipindi aliwaombea wasikilizaji subira.

Kipindi cha wanamuziki kilikuwa na sauti ya Espoir, aliyepiga gitaa kwenye baa za Mikelenge. Espoir mwenyewe alikufa miaka mingi iliyopita njia ya Lubutu, akiwa bubu. Sauti yake ilicheka kila baada ya habari. Mama yake, kikongwe ambaye hakuwa na simu, alikuja kila siku kwa Hadidja na kigoda chake, akakaa kando ya sufuria.

"Anacheka," alisema. "Hajui kama alikufa. Musimwambie."

Walikutana darasani kwa Mwalimu Bernadette, wote waliochukuliwa sauti, na mama yake Espoir kwa niaba ya mwanawe. Hadidja alikwenda kusema. Bernadette aliandika ubaoni na Hadidja akasoma kwa sauti. Walikubaliana kwenda mahakamani pamoja, wakasikilizishe vipindi mbele ya hakimu, kila mmoja asimame kando ya sauti yake. Félicien alitaka waape. Wakaapa kwa kuweka mikono juu ya meza ya mwalimu: hakuna atakayekwenda kwa Honorabule peke yake. Wote, ama hapana.

Ilikuwa mipango mizuri. Kisha mahari ya Malaika ikakamilika.

Mchumba aliitwa Asumani, kijana wa Alunguli, mpole, fundi wa paneli za jua. Ndoa iliwekwa Ijumaa baada ya sala. Shehe alikuja kwa Soudi akakaa kwenye benchi la wateja. Alisema baba ndiye anayeozesha. Lakini asiye na sauti anaweza kuweka wakili, na sheria haina ubaya.

"Mudogo wako Youssouf iko," shehe alisema. "Atasema kwa ajili yako. Sentensi moja tu, Papa Soudi."

Soudi aliangalia spana yake.

Hakuwahi kumgombeza Youssouf. Walikula pamoja sikukuu zote, na watoto wa Youssouf walimwita baba mkubwa. Lakini hakutaka kinywa kile kimtoe mtoto wake. Na Malaika, shehe alipokwisha kuondoka, alisema akiwa amegeukia ukuta, "Baba, mimi nilitaka nisikie tu namna jina langu linatoka kwako. Basi. Kama haiwezekani, haiwezekani."

Asubuhi ya pili yake Soudi alivaa shati la sikukuu. Hadidja aliliona shati.

"Kwa Honorabule?" aliuliza. "Na wenzako?"

Soudi alifunga vifungo.

"Mi nitakwenda kusema kwa sababu wewe huna namna," Hadidja alisema. "Lakini sitasema kama nimekubali."

Nyumba ya Jukwaa la Amani ilikuwa na kuta za rangi ya maziwa na mashine ya baridi. Aliyewapokea ni kijana anaitwa Blaise, mwenye viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo Kindu si dogo. Aliwaita Mzee na Mama, akawapa maji ya chupa. Aliwaonyesha chumba chenyewe bila kuficha. Bidoni tano zilipangwa kwenye rafu, kila moja na kipaza sauti kimeshushwa ndani kwa waya. Soudi aliijua yake kwa doa la mawese karibu na mkono. Ilikuwa inanong'ona matokeo ya mechi.

"Tulikuwa tunamungoja Mzee," Blaise alisema. "Tuliwaza atakuja zamani."

"Anaomba sauti yake," Hadidja alisema.

"Yote?"

"Sentensi moja. Anaozesha binti yake Ijumaa."

Blaise akapumua. "Sentensi moja! Mama, kwa hiyo tu? Honorabule hawezi kumunyima muntu. Tutaiweka mwanzo wa kipindi cha mpira, asubuhi ya Ijumaa, mutashusha kwa simu, basi mumemaliza." Alivuta kiti. "Kuko tu kitu kidogo. Mujini watu wanasema maneno. Wanasema sauti ziliibwa. Haya maneno yanaharibu jina. Mimi nitamuuliza Mzee mbele ya kamera: ulitoa sauti kwa mapenzi yako, kwa ajili ya amani? Yeye hana haja ya kusema."

"Atasema na nini?" Hadidja aliuliza.

"Anatikisa kichwa juu chini. Ndiyo, basi."

"Soudi, twende," Hadidja alisema.

Soudi hakusimama. Alitazama bidoni. Aliwaza mikono juu ya meza ya mwalimu, na mkono wa Félicien uliokuwa na baridi. Aliwaza mlio mrefu mmoja na mifupi miwili. Msichana wa kamera aliwasha taa. Blaise aliuliza swali lake taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa wapi panauma.

Soudi alitikisa kichwa juu chini.

"Samahani, Mzee," msichana alisema. "Jua lilijificha dirishani, taa haitoshi. Tunaweza kurudia?"

Soudi alitikisa kichwa tena.

Ijumaa watu walikaa kwenye mikeka uani, wanaume mbele, wanawake upande wa jiko. Youssouf alikaa nyuma, kwa sababu hakuwa na kazi. Sufuria iliwekwa katikati, juu ya kitambaa cheupe, na Asumani akashika mkono wa Soudi kama inavyotakiwa. Shehe alisoma hotuba ya ndoa, akamfanyia Malaika ishara.

Kwanza lilikuja tangazo la saruji. Kisha salamu za Honorabule kwa familia zote za Maniema, Waislamu na Wakristo, na kuwakumbusha kwamba uchaguzi uko karibu. Watu walingoja. Kisha sauti ya Soudi ikasema:

"Mimi Soudi bin Amisi, nimekuozesha wewe Asumani binti yangu Malaikaaa, kwa mahari tuliyopatana."

Midomo ya Soudi ilikwenda pamoja na maneno, nyuma kidogo.

"Nimekubali kumuoa," Asumani alisema kwa sufuria, kisha akamgeukia Soudi akasema tena, kwa adabu.

"Sauti ni ya baba, na baba iko hapa," shehe alisema. "Ndoa imetimia. Tuombe dua."

Waliomba dua juu ya matokeo ya mpira, kwa sababu sauti haikusimama, na hakuna aliyejua kama ni adabu kuikata. Wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye, wali na nyama vikiliwa, Malaika alichukua simu akaomba kusikia tena. Ili kulifikia jina lake ilibidi aanze na saruji.

Wenzake Soudi walikwenda mahakamani wiki iliyofuata bila yeye. Hakimu aliwapokea vizuri. Alisikiliza vipindi, akakubali kwamba sauti zinafanana nao sana, hata akamsifu Mwalimu Bernadette kwa somo la sehemu. Kisha aliwaonyesha video kwenye simu yake. Ilikuwa Soudi, mwenye shati la sikukuu, anatikisa kichwa.

"Mulipita barieri moja, kwa komanda mumoja," hakimu alisema. "Huyu alitoa kwa mapenzi. Nyinyi mulitoa na nini?"

Mwalimu Bernadette alitafuta ubao ukutani; mahakamani haukuwako.

Mama Adolphine alihamisha meza yake ya samaki, akaipeleka mbali na kivuko. Félicien bado alimwinamia Soudi walipokutana njiani, na hilo lilikuwa zito kuliko meza ya samaki. Mwalimu Bernadette alikuja kuichukua baiskeli yake iliyokuwa kwa matengenezo kabla haijazibwa, akaikokota na pancha yake. Mama yake Espoir hakubadilika. Alileta kigoda chake kila siku, akakaa kumsikiliza mwanawe akicheka.

Jukwaa la Amani liliongeza kipindi cha sita, cha afya. Watu wa upande wa Obokote walisema sauti ile wanaijua, na mwenyewe sasa ni bubu.

Hesabu ni hii. Soudi alipata sentensi moja, na ndani yake jina la mtoto wake mara moja. Ilimgharimu sauti ya Adolphine, sauti ya Bernadette, sauti ya Félicien, sauti ya marehemu Espoir, na yake mwenyewe iliyobaki. Kidole cha Youssouf kilichukua sauti moja. Kichwa cha Soudi kilichukua tano, na ilibidi kitikiswe mara mbili kwa sababu ya jua.