Ripoti ya Kijiji Kipya

Juni 1976, miaka miwili baada ya watu kuhamishwa kutoka milimani na kupangwa kando ya barabara, Esteri, bibi maendeleo, alitumwa kutoka Kasulu mjini hadi kijiji kipya upande wa Nyakitonto. Alitakiwa kupima kama hali ya maisha imepanda. Fomu yake iliuliza madarasa mangapi, visima vingapi, ekari ngapi za shamba la kijiji.

Mwenyekiti, mzee Makarius, alimtembeza siku nzima. Shule na kisima vilikuwepo, na watoto walisoma kweli. Ghala lilijaa maharage.

"Andika, binti yangu. Yote haya ni ya shamba la kijiji."

Esteri alikuwa ameliona shamba hilo. Mabua ya mahindi hayakumfika kiunoni. Maharage hayo hayakutoka pale.

Alfajiri alimkuta mwenyeji wake, mama Pelagia, akitoka na jembe na kikapu.

"Unakwenda wapi, mama?"

Pelagia alisita. "Ukiandika, watatukataza."

"Nisipoandika, mtaendelea kwenda kwa kujificha."

"Basi twende. Ila usiniulize kama ni mbali."

Walipanda mlima kwa zaidi ya saa mbili. Juu, kuta za nyumba ya zamani zilikuwa zimebomoka, lakini maharage yalijaa chini ya migomba, na kahawa ilikuwa imeiva, nyingine ikiozea chini.

"Nikifika jua limeshapanda, na lazima nirudi kabla halijazama," Pelagia alisema, akiokota punje moja moja. "Zamani nilikuwa nikifungua mlango, kahawa hii hapa."

Esteri alikaa siku nne zaidi, akipanda mlima na kaya moja baada ya nyingine. Kisha, nyuma ya fomu, aliandika kwamba shule na kisima vimewafaa watu, lakini chakula bado kinatoka kwenye mahame yao ya milimani. Akaomba waruhusiwe kujenga vibanda huko na kulala msimu wa mavuno.

"Nani alikuuliza haya?" mkuu wake wa Kasulu alifoka.

"Uliniuliza kama hali ya maisha imepanda, mzee. Nimejibu."

"Iandike upya."

"Sitafuta hata neno. Ukitaka majibu mengine, mtume mtu mwingine."

Baada ya wiki tatu alihamishiwa Mabamba, mpakani, wilaya ya Kibondo. Alilia siku ya kwanza. Ya pili akaazima baiskeli akaanza kuzungukia wakulima. Hakujua ripoti yake ilisomwa na nani.

Mwaka uliofuata ilimfikia barua ya Makarius. "Vibanda vimeruhusiwa," aliandika, "kwa miezi ya mavuno tu. Pelagia amevuna kahawa yake yote. Mimi pia nimejenga changu." Hakuomba radhi kwa yale ya ghala, wala Esteri hakuitafuta radhi humo. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja, akaondoka kwenda kuwasikiliza wakulima wa mihogo waliokuwa wakimsubiri.