Kilo Kumi na Nane

1.
Ukiingia kiwandani utawajua wabanguaji wa korosho kwa vidole. Mafuta ya ganda huvichoma mpaka vinakuwa vyeusi na kukauka. Somoe Chitanda alikuwa na miaka ishirini na sita, na vidole vya bibi kizee.

2.
TANGAZO
Kila mbanguaji atatoa kilo kumi na mbili kwa siku. Atakayemaliza mapema ataruhusiwa kwenda nyumbani. Mshahara ni ule ule.
Afisa Uzalishaji, 1981

3.
Nyumbani kulikuwa na mama yake, amepooza upande mmoja, akisubiri binti arudi amgeuze.

Hiyo ndiyo sababu. Usitafute nyingine.

Somoe akakata kipande cha tairi la baiskeli, akakifunga chini ya kisu cha mashine yake. Ganda likapasuka, kiini kikabaki kizima. Siku hiyo alimaliza saa saba mchana.

4.
Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Salima Mnali, jirani yake wa kulia, ambaye alichezwa naye unyago. Salima akamwonyesha mwingine. Mwezi haukuisha, benchi zima likawa linatoka saa saba, wanawake wanacheka njia nzima.

5.
Afisa akaja, akatazama, akapiga picha. Kwenye mkutano alisema Ndugu Somoe ni mfano kwa taifa. Akampa cheti na doti ya kanga.

Makofi.

6.
TANGAZO
Kutokana na ubunifu wa Ndugu Somoe Chitanda, kiwango kuanzia Jumatatu ni kilo kumi na nane. Mshahara ni ule ule.

7.
Hatukumtukana, sisi wa benchi lile. Tulisogeza tu mabakuli yetu mbali naye. Salima peke yake ndiye aliyesema, tena bila kugeuka: "Ungetulia, saa hizi sote tungekuwa nyumbani."

8.
Mambo aliyojifunza Somoe baada ya hapo:
– kunoa kisu ambacho bado ni kikali
– kwenda chooni bila haja
– kuona kitu kinachoweza kurahisishwa, na kutazama pembeni

Hilo la mwisho lilimsumbua mwaka mzima. Kisha likaacha kumsumbua.

9.
Mama yake alifariki saa nane na nusu mchana. Somoe alikuwa kwenye kilo ya kumi na tatu.

10.
Kiwanda kilifungwa. Popo wakahamia. Miaka ikapita, akaja mnunuzi, akapaka kuta rangi, akawaita waliokuwa bado hai.

TANGAZO
Hakuna kiwango. Kila mmoja atalipwa kwa kilo zake. Mwenye wazo la kuboresha kazi aliandike, atazawadiwa.

11.
Meneja mpya alikuwa mwanamke mpole. Alimfuata Somoe mwenyewe, na karatasi mkononi.

"Mama, nimesikia habari zako. Safari hii faida ni yako. Una wazo jingine?"

Somoe akauliza: wote wakiwa wepesi, bei ya kilo itabaki pale pale?

Meneja akaiweka karatasi mbele yake. Akasema hilo linategemea soko.

12.
Wakati wa chakula alibaki na karatasi yake. Alijaribu kufikiri, jambo ambalo hakuwa amelifanya hapa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kichwa kilikuwa kizito. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauutoi.

Karatasi ilibaki nyeupe.

13.
Salima, ambaye sasa kichwa kizima kilikuwa na mvi, alisogea kwenye benchi mpaka mabega yao yakagusana.

"Ukiipata njia," akasema, "usiiandike. Niambie mimi kwanza."

 Somoe aliokota korosho moja, akaigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza tena.

"Hapa tumboni pamepinda," akasema kwa sauti ya chini. "Tunaipasulia mgongoni siku zote. Nadhani tukianzia hapa, halafu kisu badala ya kusimama kikalala, ganda litafunguka lenyewe."