Mkono wa Mama Mkwe Juu ya Amplifaya

Wenzake wa kiwanda cha mikate walimwita Hamira, kwa sababu jambo likishamwingia kichwani halikai bila kuumuka. Aliwahi kuumukwa na kufuga nyuki, akaumukwa na kutengeneza baiskeli ya kubebea unga, na safari hii ilikuwa zamu ya amplifaya.

Aliyemtia fikra hiyo ni mama mkwe wake, tena bila kusema neno. Alipofiwa na mumewe alikuja kukaa kwa binti yake, na katika mizigo yake zilikuwamo spika mbili za mbao, kila moja nzito kama kabati la vyombo. Amplifaya, mashine ya kuziendesha, ilikuwa imeungua zamani, wakati marehemu bado hai lakini mgonjwa. Mama alizisimamisha kwenye pembe mbili za sebule, akazitandikia vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na juu ya kila kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Tangu hapo hazikuwa spika tena, zilikuwa fanicha.

Hamira alizitazama kila alipokula, akaona ni dhambi. Vitu vyenye sauti kubwa namna ile kufungwa mdomo kwa maua ya plastiki! Lakini hakuuliza. Mama mkwe haulizwi ovyo. Yeye na Hamira walikuwa na mazungumzo yao ya kila siku, nayo yalikuwa mafupi: shikamoo, marahaba, umeamkaje, leo kuna wingu. Akikaribia kiti, Hamira humpisha hata kama viti vingine vitatu viko wazi. Basi akaona njia ya kumfurahisha mama wa watu ni kuzifanya spika ziseme, na yeye mwenyewe asiseme.

Kazi yake ilianza alfajiri na kuisha adhuhuri, kwa hiyo mchana ulikuwa wake. Alijifunza kwa video za simu. Moyo wa mashine ulikuwa chipu nyeusi, ndogo kuliko kiberiti, yenye miguu kumi na mmoja iliyopindishwa huku na huku kama ya tandu. Alinunua mbili, kila spika na yake. Mgongo wa chipu huchemka, kwa hiyo alizifunga kwenye bonge la alumini lenye mapezi ya kupoozea joto, na katikati akaweka kipande cha mika, chembamba kama ganda la kitunguu, ili joto lipite na umeme usipite. Transfoma aliing'oa kwenye mashine ya zamani ya kuchomelea plastiki. Na kasha? Alilitoa kazini: bati la kuokea mikate lililotupwa kwa sababu limepinda.

Mkewe alikuja akasimama mlangoni. "Hiyo ni redio au mkate?"

"Ni amplifaya."

"Sawa. Ikiiva uniite."

Siku ya kuijaribu alitanguliza balbu kwenye njia ya umeme, kama video zilivyoelekeza, ili kukiwa na kosa iungue balbu na si jasho lake. Balbu iliwaka, ikafifia, ikatulia. Dalili njema. Akaondoa vitambaa na maua, akaunga spika, akaunga simu, akawasha.

Mmmmmmm.

Ulikuwa mvumo mnene, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Wimbo ulikuwepo, lakini mbali, nyuma ya nyuki.

Hapo ndipo safari ya kuchanganyikiwa ilipoanza. Video moja ilisema nyaya zote za kurudishia umeme zikutane mahali pamoja. Akazikutanisha. Mvumo. Nyingine ikasema nyaya za sauti zisokotwe kama nywele. Akazisokota. Mvumo. Mtaalamu wa tatu akasema kosa ni transfoma kuwa karibu, isogezwe, igeuzwe; akaisogeza, akaigeuza, akaigeuza tena, ule mvumo ukapungua kidogo, akafurahi, akafunga kifuniko, ukarudi kama ulivyokuwa. Wa nne alisema wale watatu wote hawajui kitu. Hamira alianza kuokota mikate ya moto bila glavu, mawazo yako nyumbani.

Mchana mmoja mama mkwe aliingia sebuleni kutafuta vitambaa vyake. Alimkuta mkwewe amekaa sakafuni mbele ya bati, linavuma. Hamira akaanza kujiinua ili ampishe njia. Mama hakupita. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, kisha akainama na kuweka kiganja juu ya bati, kama mtu anayempima mtoto homa.

Mvumo ukakatika.

Haukupungua, ulikatika, na wimbo ukatoka mzima, na sauti ya mwimbaji ikasimama katikati ya chumba kama mgeni aliyebisha hodi.

"Hapo sawa," alisema mama mkwe. Akavuta kigoda, akaketi, mkono ukiwa palepale, ametulia kama mtu aliyeanza zamu yake ya kazi.

Wimbo ulipoisha mama aliondoa mkono, nyuki wakarudi, akaokota vitambaa vyake akaenda zake. Hamira akaweka mkono wake yeye. Mmmmmmm. Akaweka wa kushoto. Mmmmmmm. Akamwita mkewe kutoka uani, naye akaweka mikono yote miwili, na bati likavuma vilevile.

"Labda linamtaka mwenye spika," mkewe alisema.

"Bati linajuaje mwenye spika?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye bati ni wewe."

Kazini alimsimulia mkandaji unga, mtu mzima aliyeoa mara mbili. Yule bwana alifikiri huku akipiga bonge la unga, kisha akasema, "Kaka, mama mkwe akitulia na kitu, na kitu hutulia. Usichunguze sana."

Na kweli kwa muda hakuchunguza. Mama mkwe alikuwa anakuja mwenyewe baada ya chakula cha mchana, anavuta kigoda, anaweka mkono, wanasikiliza. Hawakuzungumza zaidi ya walivyozoea, lakini kimya chenyewe kilikuwa kimebadilika, hakikuwa tena kimya cha kupishana. Hamira alijikuta akiharakisha kutoka kazini. Furaha ilikuwepo, na kizunguzungu kilikuwepo: amejenga mashine ambayo sehemu yake moja ni mzazi wa mkewe.

Ikaja siku mama akajikuna kiganja. "Leo inawasha kidogo," alisema. "Lakini ndiyo kawaida yake."

Hamira aliruka akachomoa waya ukutani. Inawasha! Maana yake umeme unavuja, unapita kwa mama wa watu. Aliona waziwazi watu wamejaa uani wakinong'ona kwamba mkwe kamkaanga mama mkwe kwa bati la mikate. Halafu neno la pili likamfikia, kwa kuchelewa.

"Mama, umesema kawaida yake. Kawaida ya nini?"

"Ya hizi mashine." Mama alimtazama kana kwamba ameuliza kawaida ya kisu. "Ile ya marehemu ilikuwa hivihivi. Bila kuishika inanguruma. Nimeishika tangu huyu mkeo hajaanza kutembea. Ananiita, njoo mama watoto, uishike, bila wewe haiimbi. Naacha nguo kwenye beseni, nakwenda."

"Na yeye alipoishika?"

"Ilikataa."

Hamira alitazama chini, na macho yake yakaangukia miguu ya mama mkwe. Ilikuwa mitupu, imekanyaga saruji. Ndivyo alivyokuwa siku zote ndani ya nyumba. Akaitazama yake: ndala za mpira. Ya mkewe uani: ndala za mpira.

Alisita, kisha akavua ndala, akachomeka waya tena, akaligusa bati kwa ncha ya kidole. Mvumo ukakatika. Kidoleni akahisi kitu kama sisimizi wanaopita.

Alimwita fundi umeme wa mtaa, naye alipofungua soketi akacheka. Waya wa kijani, ule wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umekatwa nyuma ya ukuta, hauendi popote. Umeme ulikuwa unatafuta ardhi na haukuwa na njia ila mwili wa mtu aliyekanyaga chini. Fundi alipigilia fimbo ya shaba nje ya dirisha, penye udongo wenye unyevu, akaunga waya. Akaipima transfoma pia, akabadilisha kiungo kimoja kilichokuwa kinavujisha umeme. Walipowasha, spika zilikuwa kimya kabisa, mpaka Hamira akadhani hazijaunganishwa. Kisha wimbo ukaanza.

"Hili jambo ni gumu kulijua?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapana, mama," fundi alisema huku akikunja nyaya zake. "Fundi yeyote analijua. Hata aliyemaliza mafunzo juzi."

Alipoondoka, mama alitoka nje, akaitazama ile fimbo, akaisukuma kidogo kwa kidole cha mguu. Akarudi ndani.

"Marehemu alikuwa fundi umeme," alimwambia Hamira, ingawa Hamira alijua. "Kiwanda kizima cha nguo alikifungia umeme yeye. Na viatu vyake vya mpira alikuwa havivui mpaka anapolala."

"Labda hakupata nafasi ya kuitengeneza, Mama."

"Miaka yote hiyo?"

Jioni hiyo mama alimweleza binti yake jikoni, na Hamira alisikia kupitia ukuta. Mkewe alianza kucheka. "Baba alikuwa anataka tu ukae naye!" Akacheka mpaka sauti ikabadilika ikawa si kicheko. Sauti ya mama haikubadilika. "Basi angesema," alisema. "Mdomo alikuwa nao. Mimi nimeunguza vyungu vingapi kwa ajili ya mashine isiyonihitaji?" Kifuniko cha chungu kikalia, kisha, "Au hakujua kweli? Kuna watu wanajua ya kazini, ya nyumbani hawayaoni." Kisha, "Sijui nimseme au nimlilie upya."

Siku kadhaa mama hakuja sebuleni. Hamira hakuwasha mashine. Alirudisha maua na vitambaa juu ya spika, akaviondoa, akavirudisha. Alikuwa ametafuta kosa na amelipata, kama mtu mwenye akili timamu, na bado alijihisi kama aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Angeacha bati livume? Lingemuua mama. Mkewe naye hakumsaidia, alipomuuliza kama amekosea alijibu, "Sijui. Muulize mwenyewe," na mama mkwe haulizwi ovyo.

Mwishowe ni mama aliyeuliza. Alimkuta mezani akisafisha pasi ya kulehemu, akaketi kwenye kiti, si kwenye kigoda.

"Baba, wewe ni mwanamume," alisema. "Mwanamume anaweza kumdanganya mkewe jambo kama lile maisha yote, asilegee hata siku moja akalisema?"

Hamira alifikiri kwa bidii kuliko alivyofikiri juu ya transfoma. Alijaribu kumuona yule mzee aliyekutana naye mara chache tu, viatu vya mpira miguuni, akiita kuelekea uani. Hakuweza kuuona uso.

"Sijui, Mama."

"Hujui, au unanificha kwa heshima?"

"Sijui kweli."

"Basi tuko wawili," alisema mama mkwe. Akatupa macho kwenye bati. "Washa."

Akawasha. Hapakuwa na mvumo. Wimbo ulitoka safi, na mama hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliikunjia kifuani, akaishusha mapajani, akauokota upindo wa kanga akaushika. Hamira naye hakujua kama amtazame au asimtazame, akachagua kuutazama ukuta.

"Mbona ndogo hivyo?" mama mkwe alisema. "Ongeza kidogo."

Hamira akaongeza.