Trei Mbili za Mizabibu

Kwa miaka minne Wachuka alifanya kazi kwenye maabara moja karibu na Gilgil, akitafuta mzabibu usioshikwa na ukungu mweupe. Alitoa jeni kwenye mzabibu-mwitu, akaiingiza kwenye seli za mzabibu wa kawaida, kisha akazilea ndani ya chupa mpaka zikawa miche. Juni hii aliipanga kwenye grinhausi: trei moja ya miche yenye jeni mpya, nyingine ya kawaida, kila trei na lebo yake. Akainyunyizia yote mbegu za ukungu, akangoja.

Siku ya kumi na mbili, trei ya jeni mpya ilikuwa nyeupe kana kwamba imemwagiwa unga. Ile ya kawaida haikuwa na doa.

Alimpigia mkubwa wake aliye Nakuru, akamwambia jaribio limeshindwa. Halafu akaketi, asijue aanze kupanga nini.

Hapo ndipo Kimeli, mzee anayemwagilia miche, aliposimama mlangoni.

"Daktari, kuna jambo nilikuficha."

Akaeleza kwamba kabla ya kunyunyiza, Wachuka akiwa kwa wazazi wake Ndabibi, upepo ulirarua plastiki ya grinhausi. Alihamisha trei haraka na lebo zikaanguka. Alizirudisha kwa kukisia, akanyamaza kwa kuogopa kufutwa kazi.

Hasira ilimpanda Wachuka, lakini tayari alikuwa akiwaza kwamba huenda lebo zilibadilishana. Alikata jani kwenye kila mche, akaandika nambari kwa mkono wake, akaenda maabara kupima ni ipi yenye jeni mpya. Kimeli alikataa kwenda nyumbani.

Saa kumi alasiri picha ilitokea kwenye kompyuta. Miche yote safi ilikuwa na mstari unaoonyesha jeni mpya. Katika iliyougua, hakuna hata mmoja uliokuwa nao. Alirudia kuhesabu mara tatu, kisha akampigia tena mkubwa wake.

Mkubwa wake alisema jaribio lirudiwe lote na makosa ya lebo yaandikwe kwenye ripoti. Wachuka alikubali kila neno.

Kimeli aliuliza kama atafute kazi kwingine.

"Mzee, ungenyamaza leo ningeitupa miche yote," Wachuka alisema. "Kesho njoo mapema. Tutaweka lebo kwa kila mche."

Mzee alifuta macho kwa kiganja. Wachuka naye akatambua kwamba hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na kwamba ana njaa kweli kweli.