Nusu Inchi Kwapani

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo ilikuwa kusoma matusi. Kwenye barua ya ajira waliandika "msaidizi wa mawasiliano ya klabu", na mama alinitaka nimsomee barua hiyo mara mbili, ya pili akiwa amesimama. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mashabiki wa timu yetu ya kriketi waliombwa kuwatumia wachezaji ushauri, kwa simu au kwa sanduku la mbao lililokuwa getini. Mimi nilisoma jumbe zote nikachagua tano. Kila Alhamisi mchezaji mmoja alikaa mbele ya kamera akazisoma kwa sauti bila kuziona kabla, na Ijumaa video ilitoka. Watu waliipenda kuliko mechi zenyewe.

Bosi wangu alikuja klabuni kutoka kampuni ya kuuza magodoro, na alikuwa na kanuni yake. "Binti, tatu zing'ate, moja ichekeshe, moja iwe sukari. Ukizidisha sukari watu wanalala, na mimi biashara ya kulaza watu nimeshaiacha."

Ofisi ilikuwa chini ya jukwaa kuu. Dari iliinama kufuata ngazi za viti, kwa hiyo kwenye meza yangu mtu hawezi kusimama wima. Hapo nilikaa kuanzia saa mbili asubuhi nikitafuta sukari. Niliamini, na sioni haya kusema hivyo, kwamba mtu anayeacha shughuli zake akamwandikia asiyemjua lazima ana upendo fulani ndani yake, hata kama umefunikwa. Mpigaji wetu wa kwanza, ambaye hutolewa mapema mno, aliandikiwa: "Ukitoka nyumbani usizime jiko, utarudi maji hayajachemka." Nahodha: "Muulize mkeo namna ya kushika. Yeye ameshika kichwa tangu msimu uanze." Anayesimama nyuma ya vijiti kudaka: "Kaka, mkono una vidole vitano. Jaribu na hivyo vingine." Nilicheka peke yangu, kisha nikajilaumu kwa kucheka.

Halafu ikafika zamu ya Kobe.

Kobe alikuwa mrushaji mpira wa miaka thelathini na nne, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kusalimia hata wafagiaji kwa kuwashika mkono. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mpira wake wa polepole. Alikuja mbio kama anataka kuvunja ukuta, mkono ukazunguka kwa nguvu zilezile za siku zote, halafu mpira ukatoka taratibu, kana kwamba unatembea. Mpigaji anakuwa ameshapiga hewa. Uwezo wake wote ulikuwa pale: hakuna aliyejua ni upi unakuja, wa kasi au wa polepole.

Msimu huu walikuwa wanampiga. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na kocha alishasema mbele ya timu nzima kwamba mechi ya Jumamosi ndiyo itakayoamua, abaki yeye au nafasi yake apewe kijana anayerusha kwa kasi mara mbili yake. Kobe hakuwahi kufanya kazi nyingine tangu akiwa na miaka kumi na saba.

Jumbe zake zilizidi mia tatu. "Kobe, kwa mwendo huo mpira wako upitie na dukani utuletee sabuni." "Ushauri wangu: wanao wasije uwanjani, wanatusikia." Mmoja ulisema: "Staafu. Hata bomba lililooza hutolewa ukutani." Namba niliijua. Ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, fundi bomba, ninayeishi naye nyumba moja.

Asubuhi yake nilimkabili mezani. "Kaka, yule ni mtu."

"Mtu? Mimi nikiunganisha bomba likavuja, nani ananibembeleza? Mwenye nyumba ananitukania mpaka babu. Na yeye avumilie."

"Ana familia."

"Na mimi nina kiingilio nilicholipa. Nipitishie chumvi."

Siku hiyohiyo ndipo nilipoipata ile barua. Ilikuwa kwenye sanduku la mbao, imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la vipimo. Upande wa nyuma kulikuwa na kiuno na kifua cha mtu mwingine kabisa. Ilisema hivi:

"Kwa mwanangu Kobe. Mimi ni mama, fundi cherehani, nakaa jukwaani nyuma ya upande unaorushia, mwaka wa tisa sasa. Hao wanaopiga kelele usiwasikilize. Shati walilokupa msimu huu limekatwa vibaya, linakubana kwapa la kulia. Kila unapotaka kurusha ule wa polepole, unavuta kwanza mkono wa shati kwa vidole viwili. Kila mara, hukosi. Ule wa kasi huvuti. Mpe fundi afumue mshono wa kwapani aongeze nusu inchi, mkono upumue. Ukikosa fundi niletee mimi, sitaki chochote. Nakuombea."

Machozi yalinilenga. Katika zile mia tatu, mtu mmoja tu alikuwa amemtazama Kobe kwa huruma kiasi cha kuona kwapa linabana. Naapa niliona shati. Niliona mama, sindano na shati, basi. Juu ya bahasha kulikuwa na maneno mawili kwa herufi kubwa, yamepigiwa mstari mara mbili, na chini yake anwani ya kibanda chake. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyopamba bahasha.

Alhamisi tulipiga picha kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilimbandika Kobe kipaza sauti kolani nikamwambia, kama nilivyowaambia wote, "Soma kwa sauti, kaka, halafu angalia kamera."

Ile ya sabuni ilimchekesha kweli. Ile ya bomba aliisoma mara mbili akasema, "Huyu ni fundi, nasikia kazi yake humo ndani." Nikaona aibu kwa niaba ya nyumba yetu. Kisha nikampa ile ya mwisho.

Alianza akitabasamu. Alipofika kwenye "vidole viwili" alinyamaza. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, bosi amesimama mlangoni pamoja na kocha msaidizi aliyekuja kuchukua taulo, na sote tulimwona Kobe akiinua mkono kidogo kuelekea begani, kisha akaushusha taratibu, akauweka juu ya goti. Akamaliza kusoma kwa sauti ndogo. Akaangalia kamera. Macho yalikuwa yamelowa.

"Dhahabu," bosi alininong'oneza.

Nilimpa Kobe barua na bahasha yake, iwe kumbukumbu. Alinifuata hadi kwenye korido.

"Dada yangu, ile ya mwisho itoe."

"Kwa nini? Ndiyo nzuri kuliko zote."

Akageuka kutazama mlangoni. Kocha msaidizi alikuwa hatua nne kutoka kwetu, anakunja taulo.

"Imenigusa tu. Sipendi watu wanione vile."

"Wakikuona vile ndiyo wataacha kukutukana, kaka."

"Itoe. Nakuomba kama dada yangu wa damu."

"Nitaona," nikamwambia.

Alinishukuru. Aliichukua "nitaona" yangu kama ndiyo, kwa sababu yeye akisema nitaona huwa anaona.

Jioni nilikaa peke yangu na ile video. Kuitoa barua kulihitaji kubonyeza mara mbili. Niliweka kidole nikafikiri, nikaona kwamba aibu ya siku moja inaweza kumrudishia mtu heshima ya msimu mzima, na kwamba wanaume hawajui kinachowafaa linapokuja suala la machozi. Sikuitoa. Niliirefusha hata ile sehemu aliyonyamaza, ili mkono wake ukielekea begani uonekane vizuri.

Ijumaa saa sita mchana video ilitoka, na kufikia saa nane watu walikuwa wanalia mji mzima. Kaka alinipigia akiwa chini ya sinki la mtu. "Huyo mama fundi amenimaliza," alisema. "Mwambie Kobe anisamehe." Nilisoma maoni moja baada ya jingine kama mtu anayefungua zawadi. Moja lilitoka kwa shabiki wa timu tuliyokuwa tunakutana nayo kesho yake. Lilisema tu: "Asante sana, mama fundi." Watu elfu nne walikuwa wamelipenda. Hata mimi nililipenda.

Jumamosi nilikaa jukwaani na kaka. Kobe alipopewa mpira watu walimpigia makofi wakiwa wamesimama, jambo ambalo halikuwa limetokea msimu mzima, na nilimfinya kaka mkono kwa furaha.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa kasi, ukapita salama. Kabla ya wa pili, vidole viwili vilikwenda kwenye mkono wa shati. Mpigaji wa wale wengine alitabasamu Kobe akiwa bado anakimbia. Alisubiri. Mpira ulipofika taratibu, alishapiga hatua moja mbele, na akaupiga ukapaa juu ya paa la jukwaa kuu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa pamoja, barua, korido, taulo.

Kobe alijaribu kila kitu. Alirusha wa polepole bila kuvuta shati, mpira ukamponyoka ukaangukia karibu na miguu yake. Alivuta shati kisha akarusha wa kasi ili awadanganye, lakini mkono uliozoea kingine ulimsaliti, mpira ukatoka si wa kasi si wa polepole, ukapigwa mbali kuliko yote. Mpigaji sasa alikuwa anavuta mkono wa shati lake mwenyewe kabla ya kila mpira, kwa vidole viwili, kwa madaha kama anayechukua biskuti. Wafuasi wao wakaiga. Halafu wa kwetu.

"Vuta shati! Vuta shati, babu!"

"Nusu inchi! Mwongezeeni nusu inchi!"

"Mleteni fundi arushe yeye!"

Baada ya mipira kumi na miwili nahodha alimpokonya mpira bila kumtazama usoni. Kobe akapelekwa kusimama pembeni mwa uwanja, karibu na mashabiki, na nyuma yake safu nzima ya watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ilikuwa imesimama ikivuta mashati. Niligeuka kumtazama kaka. Alikuwa anavuta lake huku amejishika mbavu kwa kicheko, machozi yanamtoka.

"Jana ulilia," nikamwambia.

"Jana ilikuwa video," alisema akijifuta. "Leo wametupiga."

Jumatatu mtunza stoo hakuwepo, kwa hiyo ni mimi niliyetakiwa kupokea vifaa vya wanaoondoka. Kobe aliingia akiinama kwa sababu ya dari. Aliweka mashati matatu mezani, yamekunjwa, yamepigwa pasi. Nikageuza kwapa la shati la juu. Mshono ulikuwa mpya, wa hatua ndogondogo zinazolingana.

"Nilimpelekea Ijumaa saa tano asubuhi," alisema. "Alinishonea yote matatu nikiwa nimesimama pale. Akaniambia mazoezi ya wiki mbili yanatosha, mkono utasahau. Nikamwambia nina siku moja. Akasema basi tuombe wasijue. Mara simu ya mteja wake ikaanza kusoma barua yake kwa sauti yangu." Akalainisha kola iliyokuwa imeshalainika. "Alisimamisha mashine."

"Kaka, sikujua. Niliona shati tu."

"Najua."

"Ungeniambia ukweli."

"Mbele ya kocha msaidizi? Naye alikuwa ameona shati tu, kama wewe. Nimfumbue macho kwamba kila mpira wangu unajitangaza, siku mbili kabla hawajaamua?"

"Nisamehe."

Alitoa bahasha mfukoni akaiweka juu ya mashati, akaizungusha inielekee.

"Fundi anauliza kama ulisoma hapo juu."

"Nilisoma."

"Soma kwa sauti, dada," alisema. "Halafu niangalie."

"Apewe mkononi," nikasoma.

"Tena."

"Apewe mkononi."

Nilikuwa bado sijainua macho bosi alipoingia na karatasi, anatweta. "Binti! Ajira ya kudumu, sahihi hii hapa, hujawahi kuona video ikitembea vile!" Kisha akamwona Kobe, naye hakushtuka hata kidogo. "Kaka, afadhali hujaondoka. Wamekuandikia elfu mbili na ushee tangu Jumamosi. Tuchukue tano za kuagana. Dakika kumi tu."

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Kobe alikuwa ameshavuta kiti.

"Nani anachagua?" aliuliza.

"Huyuhuyu. Ana jicho."

"Achague zinazong'ata zote tano," alisema Kobe. "Sukari sitaki tena."

Bosi akaweka karatasi yangu mezani, akaenda kumwita mpiga picha. Nikafungua jumbe. Ya kwanza ilikuwa na namba ya kaka yangu, na iling'ata. Niliichapa, nikamkabidhi Kobe, nikambandika kipaza sauti kolani. Taa nyekundu ikawaka. Aliisoma yote kwa sauti, bila kusita popote, kisha akaangalia kamera.