Mguu wa Kumi na Saba

Nilipofungua programu ya kuchorea saketi, kidirisha kidogo kilichomoza pembeni: maktaba ya alama imesasishwa. Kwa kawaida vidirisha vile navifukuza kama nzi. Asubuhi hiyo nilikuwa na chai mkononi, sina haraka, nikasoma. Mtu aliyechora alama, yaani mchoro, ya ile prosesa ya zamani, ubongo wa mashine wenye miguu arobaini ya kuunganishia nyaya, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Nimerekebisha mguu wa 16 na wa 17, nilikuwa nimeipishanisha. Samahani."

Samahani! Eti samahani.

Kikombe kiliniponyoka. Kwa prosesa ile, mguu wa kumi na saba ukibisha hodi, lazima iache kila kitu isikilize. Wa kumi na sita unaweza kubisha mpaka uchoke. Prosesa ikiwa na shughuli, inajifanya haikusikia. Na mimi mwezi uliopita nilitumia alama ileile kuchora bodi mpya ya mashine ya kukatia karatasi ya kiwanda kimoja cha uchapaji. Mbele ya kisu cha mashine hiyo kuna jicho la mwanga. Mkono ukikatiza mwanga, jicho linabisha hodi, kisu kinasimama. Nilidhani jicho nimeliunganisha kwenye mguu wa kumi na saba. Kumbe nimelipeleka kwenye ule unaopuuzwa.

Anayeweka mikono chini ya kisu hicho kutwa nzima ni mdogo wangu.

Nimsingizie nani? Karakana yetu ina utaratibu: alama yoyote ya kupakua mtandaoni inahakikiwa mguu kwa mguu, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wa prosesa mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nilihakiki hadi wa kumi na tano nikachoka. Nikajiambia watu elfu tatu wameshaipakua, mimi nani hata nijitie ujuaji? Miguu ishirini na mitano iliyobaki nikaipiga tiki kwa macho makavu, nikaenda kula.

Hata majaribio yalitudanganya. Tulipitisha rula ya mbao kwenye mwanga, tukabonyeza kitufe cha kukatia, kisu kikakataa kushuka. Mara kumi. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Wakati ule prosesa haikuwa na kazi, ndiyo maana ilisikia. Hakuna aliyeijaribu kisu kikiwa kimeshaanza kushuka.

Nilimpigia mdogo wangu. Simu iliita ikachoka. Simu zao huachwa kwenye droo getini. Nikapiga ofisini kwao, hakuna aliyepokea. Nikatoka mbio na ndala za karakana, sijui hata kama nilifunga mlango. Kiwanda kiko mitaa mitatu tu, lakini siku hiyo mitaa ilirefuka makusudi. Niliogopa, jamani. Kila hatua niliviona vidole vyake, vilevile vinavyonisuka nywele kila wiki, nikawa nasema kwa sauti, "Bado, bado, bado," na watu wananipisha wakidhani nimerukwa na akili.

"Dada, jiandikishe kwanza," mlinzi wa getini akaniambia.

"Jiandikishe wewe!" Nikampita.

Ndani, kelele za mashine zilinimeza. Nikamwona amenipa mgongo, ameinama, mikono yote miwili inasawazisha bunda la karatasi chini ya kisu. Nilipiga ukelele, hakusikia. Nikaikimbilia swichi kuu ukutani, nikaivuta chini kwa nguvu zangu zote. Mashine zikanyamaza. Kila mtu akanigeukia.

"Dada? Kuna nini, kuna msiba?"

Nikamshika mikono, nikahesabu vidole kama mkunga. Kumi. Nikawa nalia huku nacheka, kamasi zinanitoka, sijali. Kisha nikaiona plasta kwenye kidole cha kati.

"Hii nini?"

"Aa, hiyo ya juzi." Akataka kukificha kidole. "Kisu kilishuka mkono ukiwa bado ndani. Kilichukua ukucha tu."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Msimamizi angesema bodi ina kasoro, na bodi umechora wewe. Nikajua haiwezekani. Nikasema mzembe ni mimi. Tangu siku hiyo nawahi tu kutoa mkono."

Msimamizi alikuwa ameshafika, anafoka, nani huyo kazima umeme. Nilimjibu bila kumwangalia, macho yangu yako kwa mdogo wangu.

"Ni mimi. Bodi ni mbovu. Nilihakiki miguu kumi na mitano kati ya arobaini. Mingine niliipiga tiki bila kuitazama."

Mdogo wangu alikitazama kisu, akanitazama mimi. Kisha akaitoa mikono yake taratibu kwenye yangu, akaiweka nyuma ya mgongo.