Jiwe la Mwisho

Jiwe la kwanza lilikuwa limesimama kwa mguu mmoja, mdomo wazi, inzi akilitembelea shavuni bila wasiwasi. La pili lilikuwa limechutama kama chura anayejiandaa kuruka. La tatu lilikuwa likipigana na kicheko, mabega yakilisaliti. Filimbi ilikuwa imelia mara ya pili, na kila mtoto, awe ameshajificha au amekamatwa njiani, alikuwa amegeuka jiwe.

Dada Filimbi alipita katikati yao taratibu, mikono nyuma, moyo umemjaa fahari. Jina hilo alipewa na skauti wadogo wenyewe, na hakuwahi kulichukia. Kila Jumamosi alasiri alitoka chuoni, alikosomea ualimu, akaja kuwakusanya katika uwanja wa shule ya msingi. Walishindana kuruka ndani ya magunia. Walifunga mafundo ya kamba macho yakiwa yamezibwa kwa skafu zao. Walipokezana maji kwa vijiko hadi wote wakalowa na hakuna aliyekumbuka ni kundi lipi lililokuwa likiongoza. Lakini mchezo waliouomba kabla hata hajatua mkoba wake ulikuwa huu wa mawe, alioubuni yeye mwenyewe. Filimbi ya kwanza, unakimbia kujificha. Filimbi ya pili, hapo ulipo unakuwa jiwe. Jiwe halicheki, halijikuni, wala haliitiki likiitwa kwa jina, maana huenda anayeita ni adui aliyejifunza sauti ya rafiki. Linarudishiwa uhai kwa kitu kimoja tu: mkono wa Dada Filimbi begani.

Alikuwa na sababu zake za kuupenda mchezo huo. Aliamini, kwa imani ile ya mtu ambaye bado hajachoshwa na watu, kwamba mengi yaliyoharibika duniani yaliharibiwa na watu wazima ambao hawakufundishwa utotoni kushika neno dogo. Atakayeweza kutulia huku inzi yuko shavuni, alijiambia, kesho ataweza kusimama imara mbele ya mambo makubwa zaidi. Na katika watoto wote hakuna aliyelishika neno kama Nukta, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake na mwenye masikio yaliyomzidi umri. Siku wazazi walipoalikwa, Dada Filimbi alimwomba mama yake Nukta, fundi cherehani wa mtaa wa pili, amwite mwanawe akiwa jiwe. Mama alimwita kwa sauti tamu, akamwita kwa ukali, akamwahidi biskuti. Mtoto hakupepesa jicho. Wazazi walipiga makofi. Mama naye alipiga, ingawa alichelewa kidogo kuliko wengine.

Leo watoto walikuwa wamelalamika kwamba maficho yamekwisha. Mmoja alisema hata kuku wa mlinzi wameyakariri. Dada Filimbi alicheka, akawapanulia mipaka: uwanja mzima wa shule mpaka getini. Nyuma ya vyoo mafundi walikuwa wamemaliza kujenga msingi wa madarasa mapya, kuta fupi za mawe zilizokata ardhi vyumba vyumba, virefu kwenda chini kuliko kimo cha mtoto. Alikuwa ameuona alipoingia. Aliuona kama mtu anavyouona mlingoti wa bendera, macho yakapita.

Sasa alikuwa anayaamsha mawe. Alimgusa huyu chini ya dirisha, yule nyuma ya pipa la maji, wawili waliobanana kwenye kabati bovu lililotupwa barazani. Kila aliyeguswa alishusha pumzi na kuangua kicheko. Walipojipanga, nafasi ya mwisho ya mstari ilikuwa tupu.

Hakushtuka. Hata alitabasamu, maana alijua kwamba wa mwisho kupatikana angekuwa Nukta. Alikuwa anaelekea jikoni kwa shule kumtafuta huko, ndipo mambo mawili yalipofika kwa pamoja: mama yake Nukta, akiwa na uzi bado umenata kwenye gauni, na lori la kifusi.

Mlinzi alifungua geti, lori likapita, na mama akauliza mwanawe yuko wapi. Mlinzi alikuna kichwa. Alisema kwamba mapema alilifungua geti kumtolea fundi toroli, na huenda mtoto alichomoka wakati huo, si unajua watoto. Maneno hayo yalitosha. Mama aligeuka akatoka kwenda barabarani akiliita jina la mwanawe, lile halisi la nyumbani, na sauti yake ikapanda kila alipolirudia. Watoto nao wakaanza kuita. Mlinzi akaita. Uwanja mzima ukajaa jina moja, na baada ya kila mwito ukaja ukimya, na ukimya ule ukazidi kuwashawishi kwamba mtoto hayumo ndani.

Dada Filimbi naye alikuwa amefika getini anakimbia. Aliposimama kuvuta pumzi alisikia nyuma yake lori likilia mlio wa kurudi kinyumenyume.

Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa bodi. Kabla ya hapo, kama mtu mwangalifu, alikuwa ameteremka, akapiga honi ndefu, akapaza sauti iliyofika hadi getini kuuliza kama kuna mtu ndani ya msingi. Hakujibiwa. Mlinzi alimpungia mkono kutoka mbali: hakuna kitu, shusha.

Hakujibiwa. Neno hilo lilimpiga Dada Filimbi kifuani. Kwa dereva, kutojibiwa kulimaanisha hakuna mtu. Kwa mlinzi vilevile, na kwa mama. Katika watu wote waliokuwa pale, ni yeye peke yake aliyekumbuka kuna mtoto ambaye angesikia honi, angesikia mama yake akilia, angesikia kifusi kikianza kuporomoka, na bado asifungue mdomo.

Alikimbia, akapita ubavuni mwa lori, akaruka juu ya ukuta wa msingi, akasimama mbele ya magurudumu ya nyuma, mikono juu. Breki zililia. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Dada, umechoka kuishi?"

"Kuna mtoto humu."

"Nimeuliza, hakuna aliyeitika. Humo kuna panya tu, na panya hawavai skafu. Toka, nina tripu nyingine inanisubiri."

"Zima gari, kaka yangu. Nakuomba."

Hakuzima, ila hakurudi nyuma tena. Lori liliendelea kunguruma, bodi ikitetemeka, na kokoto moja moja zikidondoka ukingoni na kujigonga kwenye mawe chini. Mama yake Nukta alikuwa amerudi mbio baada ya kusikia breki. Alisimama juu ya ukuta, akichungulia vyumba vya msingi kimoja baada ya kingine. Aliona udongo, vivuli, na mbao za zege zilizoegemezwa huku na huku.

"Hayumo," alisema, akihema. "Nimemwita mpaka sauti imenikauka. Mwanangu si kiziwi. Angekuwa hapa angeniitika. Tunapoteza muda, na huko barabarani..."

"Mama, hataitika." Dada Filimbi hakuweza kumtazama. "Nilimfundisha asiitike."

Mama aliacha kuchungulia, akamgeukia kama mtu aliyeelewa.

Dada Filimbi alikuwa ameshateremka. Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu. Aliinua mbao, akapapasa nyuma yake, akapata mfuko wa saruji uliochanika. Cha pili kilikuwa na giza kwenye pembe, akaingia kwa magoti, mkono mbele kama kipofu. Ukuta ulimchubua. Alijikuta anataka kuita, ulimi umeshaanza kulitamka jina, akaumeza mwito ule kwa sababu alijua hauna kazi. Kila kitu alichokuwa anajivunia kilikuwa kimekaa mahali fulani humu gizani, kimekunjamana, kinamsubiri, kinafanya sawasawa kama alivyokifundisha.

Katika chumba cha mwisho, chini kabisa ya mdomo wa bodi ya lori, mbao tatu zilikuwa zimelazwa mshazari ukutani. Aliingiza mkono nyuma yake. Vidole viligusa kitambaa, kisha joto, kisha bega dogo lililokaza kama kweli ni jiwe.

Bega likalegea. Pumzi ndefu ilitoka nyuma ya mbao.

"Nimeshinda?" iliuliza sauti ndogo.

Dada Filimbi alimvuta nje, akamkumbatia. Nukta alikuwa na vumbi kwenye kope, na kwenye vumbi la mashavu kulikuwa na michirizi miwili ya machozi iliyokauka zamani. Kumbe alikuwa amelia. Alikuwa amelia bila sauti, bila kujifuta.

Mama aliteremka bila kujua ameteremkaje, viatu vikabaki juu. Hakumnyang'anya mwanawe kutoka mikononi mwa yule dada. Alipiga magoti kwenye udongo mbele yao, akamshika mtoto kidevu kwa vidole vilivyozoea sindano.

"Ulinisikia nikikuita?"

Nukta aliitikia kwa kichwa.

"Ulisikia ninalia?"

Aliitikia tena.

"Sasa kwa nini hukuniambia uko hapa, mwanangu?"

Mtoto alifumbua mdomo, kisha akaufumba. Hakumtazama mama yake. Aligeuza uso, akainua macho kwa Dada Filimbi, akangoja, jinsi watoto wa mstari wake wote walivyozoea kungoja kabla ya kusema.

Mama aliyafuata macho yale mpaka yalipofikia.

Dada Filimbi alitaka kusema: mjibu mama. Maneno yalifika midomoni yakakwama pale, kwa kuwa alisikia kabla hayajatoka kwamba hayo nayo yangekuwa amri. Alimwachia mtoto taratibu. Akasogea nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa msingi, akaketi chini, akakiinamisha kichwa ili macho yale yasipate pa kumshika.

Juu yao dereva alizima injini. Ukimya uliingia msingini, na ndani yake mama, akiwa bado amepiga magoti, alisubiri.